Karatasi moja katika kadi ya kliniki



Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili niwasemee watoto ambao wananchi wengi huwaonea huruma, na baada ya huruma hiyo hakuna linalofanyika. Hao ni watoto wenye sindromu ya Down. Huzaliwa wakiwa na misuli laini, macho yaliyoinuka kidogo pembeni, na huchelewa kukaa, kutembea na kusema.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, si daktari. Lakini mtoto wa namna hii hufikishwa kwangu baada ya watu wengi kumkatia tamaa, kwa hiyo ninaona yaliyofanyika na yasiyofanyika kabla hajaja shuleni.

Hali hii iliandikwa kwa mara ya kwanza na daktari wa Uingereza, John Langdon Down, mwaka 1866. Sababu yake ilijulikana mwaka 1959, wakati wataalamu wa Ufaransa Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walipotangaza kwamba chembe za mwili wa watu hawa zina kromosomu 47 badala ya 46. Ile ya ziada ni ya namba 21. Basi si laana, si mizimu, wala si kosa la mama. Nalisema hili kwa sababu wako akina mama waliorudishwa kwao kwa kuzaa mtoto wa namna hii, na waliowarudisha bado wanatembea vifua mbele.

Kromosomu hiyo haiondoleki. Ndiyo maana husemwa, hata na watu wenye elimu, kwamba "hawa hawana dawa". Hapo ndipo penye hatari. Kinachowaua wengi wao utotoni ni maradhi yanayoambatana na hali hiyo, na mengi ya maradhi hayo yana matibabu. Marekani, mwaka 1983, mtu mwenye sindromu ya Down aliishi kwa wastani miaka 25. Leo anakaribia 60. Kromosomu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba madaktari waliacha kuwanyima upasuaji na matibabu ambayo watoto wengine walikuwa wakipewa.

Chukua habari ya moyo. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu kati ya vyumba vyake. Katika wiki za kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Tundu kubwa huzibwa kwa upasuaji, na inafaa lizibwe mapema, mara nyingi kabla hajatimiza mwaka, kwa sababu damu inayosukumwa mapafuni kwa nguvu kupita kiasi huharibu mishipa ya huko. Mishipa ikishaharibika sana, daktari hawezi tena kulifunga tundu. Sisi Watanzania hatuna haja ya kusema kwamba kazi hii ni ya Ulaya. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam tangu mwaka 2015, na watoto hupasuliwa hapo.

Kijijini kwetu alikuwako mtoto mmoja aliyefikishwa hospitali kubwa akiwa na umri wa miaka minne. Wazazi wakaambiwa kwamba muda wa upasuaji umepita. Kadi yake ya kliniki nimeiona kwa macho yangu. Chanjo zote alipata, na uzito wake uliandikwa mwezi hadi mwezi, maana mama yake hakukosa kliniki hata mara moja. Hapakuwa na neno lolote juu ya moyo.

Simlaumu muuguzi. Yeye hujaza kadi kama ilivyopangwa, naye ana foleni ya akina mama arobaini nje ya mlango. Ombi langu ni kwamba mtoto mwenye sindromu ya Down abandikiwe karatasi ya ziada katika kadi yake. Uingereza wanazo kurasa za namna hiyo, zinazoingizwa katika kitabu cha afya cha mtoto, pamoja na mchoro wa ukuaji uliotengenezwa kwa ajili yao. Marekani nao walitoa michoro yao mipya mwaka 2015. Watoto hawa hukua polepole kuliko wenzao. Katika mchoro wa kawaida mstari wao huwa chini, mama akagombezwa kwamba hamlishi. Au muuguzi akasema "ndivyo walivyo", kumbe safari hii mtoto anaumwa kweli.

Karatasi hiyo iseme mambo machache kwa Kiswahili chepesi. Moyo upimwe kwa mashine ya picha mara tu baada ya kuzaliwa, hata kama hakuna dalili. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ipimwe anapozaliwa, akiwa na miezi 6, miezi 12, kisha kila mwaka, kwa kuwa ikilegea mtoto huzubaa na kudumaa, na vidonge vyake ni vya kawaida. Macho yaangaliwe. Masikio yaangaliwe mara kwa mara.

Hilo la masikio linanihusu zaidi. Ute hujaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto asisikie vizuri, naye hapigi kelele kulalamika. Nilikuwa na msichana darasani ambaye kila mtu alisema hafundishiki. Alipotibiwa masikio alianza kuitika jina lake, na kabla ya muhula kwisha alijua kuimba nyimbo za darasa kuliko baadhi ya waliokuwa wakimcheka.

Utafiti nao una deni kwa watu hawa. Kromosomu 21 inabeba jeni inayohusika na ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau uzeeni, ndiyo maana wengi wao huupata mapema. Wamesaidia sana wataalamu kuuelewa ugonjwa huo, lakini majaribio makubwa ya dawa zake kwa miaka mingi hayakuwachukua. Marekani walianzisha daftari la kitaifa la familia hizi mwaka 2013, na mpango maalumu wa utafiti mwaka 2018. Kwetu, daftari linaweza kuanzia kwenye zahanati: karatasi inapotolewa, nakala ya taarifa ipelekwe wilayani. Bila idadi, hakuna mtafiti atakayejua pa kuanzia, wala Serikali haitajua ni vidonge vingapi vinahitajika.

Najua atatokea wa kuniuliza fedha ziko wapi. Upasuaji ni ghali, na nauli ya kutoka huku kwetu hadi Dar es Salaam ni mzigo kwa mkulima. Hayo yanahitaji mjadala wao. Lakini karatasi ni karatasi, na muuguzi wa kuijaza tayari yupo.

Naiomba Wizara ya Afya ilifikirie jambo hili. Karatasi hizo zikichapishwa, sisi walimu tutazisoma kwa wazazi katika mikutano ya shule, hata kwa wale ambao watoto wao hawajafikia umri wa kuandikishwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Ruvuma.