Ugumu wa Somo na Ugumu wa Chombo

Wanachuo wanaochukua somo la sayansi wamekwisha kuonja uchungu wa kuchora saketi ya umeme kwa kompyuta. Kazi yenyewe yaonekana nyepesi. Mwanachuo atakiwa kutengeneza zana ya kufundishia, yaani bao dogo lenye betri, swichi, rezista na taa mbili za LED, ili mwanafunzi wa darasa la tano aone kwa macho yake tofauti ya kuunga taa kwa mfuatano na kuziunga sambamba. Basi huketi mbele ya mashine saa mbili asubuhi, na saa sita mchana huinuka kichwa kikimuuma, kioo kimejaa mistari ya makosa, wala hakuna taa iliyowaka. Baadhi yao hutuambia, "Mkufunzi, mimi sina kichwa cha umeme." Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Si la kweli, na mtu anayeliamini hulichukua mpaka darasani pamoja na chaki yake.

Tufikirie darasa hilo liko wapi. Wengi wenu mtapangiwa mazoezi ya kufundisha katika vijiji kama Mloka, wilayani Rufiji, kando ya mto. Mto huo huo, juu zaidi, umezuiwa na Bwawa la Mwalimu Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtoto wa Mloka amesikia habari za umeme tangu angali mdogo kuliko mtoto wa mahali pengine popote nchini. Ana haki ya kumwuliza mwalimu wake umeme ni nini, nao hupitaje katika waya. Kipindi ni dakika 40. Mwalimu aliyekuja na mchoro mzuri wa kompyuta, asiye na taa inayowaka, atajibu nini?

Maoni yetu ni kwamba ugumu anaokutana nao mwanachuo katika programu hizi ni wa aina mbili zilizochanganyika, na kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuzitenga. Uko ugumu wa somo, ambao mtu akiushinda amejifunza jambo juu ya umeme. Na uko ugumu wa chombo, ambao mtu akiushinda amejifunza tu mahali kilipofichwa kitufe fulani. Huo wa pili hauna heshima yoyote, ingawa ndio unaokula muda mwingi zaidi.

Chukua habari ya vipimo. Miguu ya chipu za kawaida imeachana kwa milimita 2.54, yaani sehemu moja ya kumi ya inchi. Mwanachuo akiwa ameipanga gridi ya mchoro wake kwa milimita moja moja, waya anaouchora hufika karibu kabisa na mguu lakini hauugusi. Jicho huona vimeungana; programu huona pengo. Atafuta, atachora tena, atafuta tena. Baada ya saa nzima amejua nini juu ya umeme? Hakuna, ila labda kwamba wako watu duniani ambao wangali wanapima kwa inchi.

Au chukua habari ya matoleo. Faili lililohifadhiwa katika toleo jipya la programu aghalabu halifunguki katika toleo la zamani, na katika chumba kimoja cha kompyuta mtakuta matoleo matatu. Mwenye kazi yake katika mashine ya dirishani hawezi kuimalizia katika mashine ya mlangoni. Tena programu yenyewe yaweza kufa ikamwacha mwenyewe na faili mkononi. Kampuni ya Autodesk ilitangaza mwaka 2023 kwamba programu ya Eagle, iliyotumiwa kwa miaka mingi na mafundi na walimu wa nchi nyingi, haitauzwa wala kuhudumiwa baada ya tarehe 7 Juni 2026. Hii ni sababu mojawapo ya sisi kupendelea KiCad, ambayo ni ya bure na haina mwenye kuifunga. Iliasisiwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Grenoble, Ufaransa, na watu wengi wameiendeleza tangu hapo. Lakini bure yake haiondoi ugumu tunaousema.

Sasa tutazame upande wa pili, maana si haki kuzilaani programu hizi kwa kila jambo.

Wanachuo hucheka, wengine hukasirika, wanapochora betri, wakaiunga vizuri na chipu ya 555 ya kuwasha na kuzima taa, kisha programu ikawaambia kwamba mguu wa chipu unaopokea umeme haulishwi na kitu chochote. "Na betri hii ni nini?" huuliza. Jibu ni kwamba katika maktaba za baadhi ya programu betri imeandikwa kama kifaa kisichotoa wala kupokea, kama rezista tu, hata mchoraji aweke alama maalumu ya kusema: hapa ndipo umeme unapotoka. Nusu ya kero hii ni ya chombo. Nusu yake, hata hivyo, ni swali zuri mno la somo, kwani katika saketi kipi ni chanzo, kipi ni mtumiaji, na kipi ni njia tu? Tumemwona mwanachuo mmoja akiligeuza swali hilo kuwa kipindi kizima cha darasa la sita, bila kompyuta, kwa kuwapanga watoto katika duara wakipokezana kokoto.

Kero ya njia za shaba nayo ni ya somo tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu akishapanga vifaa juu ya bao, programu humwonyesha nyuzi nyembamba zinazokwenda huku na huku, ambazo wahandisi huziita kiota cha panya. Yeye anapaswa kugeuza kila uzi kuwa njia ya shaba, na njia mbili za upande mmoja haziruhusiwi kukatana. Hapo ndipo machozi huanza. Mashine ikiombwa ichore njia zote yenyewe, mara nyingi huacha moja au mbili zikining'inia. Wanachuo hudhani mashine ni mbovu au wao ni wajinga. Lakini hebu nenda uwanjani na kijiti. Chora mchangani nyumba tatu, na mbele yake kisima, duka na shule. Waambie watoto kila nyumba iwe na njia yake ya kwenda kisimani, dukani na shuleni, na njia zisikatane hata mara moja. Watachora njia nane kwa furaha. Ya tisa haitapatikana, leo wala kesho, kwa mtoto wala kwa profesa, kwa kuwa juu ya uso ulio bapa haiwezekani kabisa. Ndipo mmoja wao atakaposema, "Tujenge daraja," na atakuwa amevumbua kwa akili yake sababu ya mabao ya saketi kuwa na pande mbili na matundu ya kupitisha umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine. Somo hilo halina gharama, na mchanga wa Mloka unatosha. Mwanachuo aliyelicheza kwanza mchangani, akirudi kwenye kompyuta, hahesabu tena njia iliyokwama kuwa aibu.

Liko jambo moja tunaloliogopa kuliko mistari ya makosa, nalo ni ukimya wa mashine. Programu hukagua kanuni, haikagui ukweli. Transista mbili za kawaida, BC547 na 2N3904, zina umbo moja. Ukizitazama upande wake ulio bapa, miguu ikielekea chini, ile ya kwanza huanza kushoto na kolekta, kisha besi, kisha emita. Ya pili huanza na emita na kuishia na kolekta. Mwanachuo akichora kwa alama ya moja na kulehemu nyingine, programu itasema hakuna kosa lolote, na taa itafanya kiburi. Fundi redio wa kijijini, ambaye pengine hajapata kushika kompyuta, huitambua miguu hiyo kwa mita yake kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Twashangaa kwa nini hatumwalike chuoni mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo tunashauri mpango wa kazi ugeuzwe. Zana ya kwanza ya mwanachuo iwe ya kipande cha ubao, misumari midogo, waya, na betri tatu za tochi. Betri tatu za volti 1.5 ni volti 4.5, LED nyekundu hutumia kama volti 2, zinazobaki ni 2.5, na rezista ya omu 220 itapitisha kiasi cha miliampea 11, mkondo usioiunguza taa. Hesabu hiyo mwanachuo aifanye kwa kalamu, kisha aione ikitimia. Taa ikishawaka ubaoni, ndipo akae mbele ya kompyuta kuichora ile ile, akijua tayari jambo analolitafuta. Hapo mashine ikimkatalia, ataweza kuuliza swali lenye maana, yaani kama ni saketi yangu iliyokosea, au ni mchoro wangu, au ni programu tu.

Hili si kurudi nyuma. Hiyo chipu ya 555 tuliyoitaja ilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Aliijaribu kwanza kwa vifaa vya kawaida mezani, kisha akaukata mchoro wake kwa kisu katika utando mwekundu wa plastiki, mstari kwa mstari. Chipu hiyo ingali ikiuzwa madukani.

Wenzetu wengine chuoni hawakubaliani nasi. Wanasema kwamba dunia ya leo ni ya kompyuta, na kwamba kumwanzishia mwanachuo misumari ni kumzoeza umaskini. Mwalimu wa Mloka, wasema, ndiye anayepaswa kuijua kompyuta kuliko wote, kwa kuwa wanafunzi wake hawana mtu mwingine wa kuwaonyesha. Hoja hii ina nguvu, na hatuidharau. Sisi hatutaki kompyuta itoke chumbani. Twataka isiwe mlango wa kwanza. Katika kikao cha idara tulipendekeza kwamba kati ya alama 20 za zana, 12 zitolewe kwa taa inayowaka na maelezo ya mwanachuo juu yake, 8 kwa mchoro, na mchoro usiokuwa na mstari wa kosa usipewe alama yoyote kwa sababu hiyo pekee. Pendekezo halijapitishwa. Litarudishwa kikaoni mwanzoni mwa muhula ujao, na wanachuo watakaokuwa wamerudi kutoka mazoezini wataalikwa kuleta mabao yao, yanayowaka na yasiyowaka.