Wawili Wawili Si Makombo

Wacheni kutuambia eti tenisi ilishamaliza kesi ya malipo ya wanawake. Ni kweli, tangu 2007 Wimbledon inawalipa wanawake sawa na wanaume. Lakini fungua droo ya wanawake wawili wawili, halafu upige hesabu.

Mwaka 2025 Iga Świątek alishinda taji la mmoja mmoja, akaondoka na pauni milioni 3. Veronika Kudermetova na Elise Mertens wakashinda la wawili wawili, wakapewa pauni 680,000. Na hizo ni za kugawana, bana. Kila mmoja 340,000. Nyasi ni zile zile, wiki ni zile zile mbili, lakini mmoja anabeba karibu mara tisa ya mwenzake.

Najua, hata hiyo 340,000 mimi naitamani. Lakini mfikirie anayetolewa raundi ya kwanza. Naye anagawana kidogo alichopata, na bado kocha, ndege na hoteli vinamngoja.

Watetezi watasema mashabiki hununua tiketi kuona mmoja mmoja. Sawa. Na ni nani huwasukuma hawa viwanja vya pembeni raundi za mwanzo, kamera zikiwa kwingine? Huwezi kuficha chakula jikoni, halafu useme wageni hawakukipenda.

Hata ufundi wao unadharauliwa. US Open 2025 waliikata droo ya mseto hadi jozi 16, wakaijaza mastaa wa mmoja mmoja. Wataalamu wengi wakabaki nje. Sara Errani na Andrea Vavassori, mabingwa watetezi, wakapata nafasi. Kilichotokea? Wakatetea taji, wakiwalaza Świątek na Casper Ruud fainalini. Kumbe hii ni kazi, si mazoezi ya mastaa.

Sisi Wakenya ndio hatufai kabisa kuidharau. Taji letu la kwanza la Grand Slam lilitoka huko: Wimbledon 2022, wasichana wawili wawili, Angella Okutoyi na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Waliwapiga Kayla Cross na Victoria Mboko. Ndiyo, Mboko yule yule aliyebeba Montreal 2025. Hapo hatukuuliza kama hilo ni taji kamili. Tulishangilia.

Basi tushikilie hivyo hivyo. Wapewe viwanja vikubwa tangu raundi ya kwanza, waonyeshwe, walipwe kama mabingwa. Hawakuja kusindikiza mtu.