Pemba: Hadithi tele midomoni, haba vitabuni

POPO mkubwa wa Pemba hapatikani kwingineko duniani. Kila magharibi makundi yake huruka kutoka katika miti ya Kidike, na mtoto wa huko anaweza kueleza, bila kufundishwa na mtu, popo huyo anakula nini, analala vipi na kwa nini wazee walikuwa wakimwinda. Mtoto huyo huyo akifungua kitabu cha hadithi kilicholetwa kwa msaada kutoka ng'ambo, huenda akakutana na dubu, theluji na mti wa Krismasi, tena kwa Kiingereza.

Pengo hilo ndilo kiini cha tatizo la usomaji wa watoto kisiwani humo, na haliwezi kuzibwa kwa kuongeza idadi ya vitabu peke yake.

Pemba, yenye wakazi zaidi ya 540,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, haijapata kuwa maskini wa maneno. Tungo za Kamange na Sarahani zilikaa vifuani mwa watu kwa miongo mingi kabla ya kukusanywa katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2011. Mwaka 2015, Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa kisiwa hicho, alishinda Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell upande wa ushairi kwa mswada wake wa N'na Kwetu. Vijijini, bibi akisema "Paukwa!" wajukuu wanajua la kuitikia.

Mambo hubadilika mlangoni mwa darasa. Humo kitabu hujulikana zaidi kwa maswali yaliyo mwishoni mwa sura. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliongeza uzito ilipoelekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Hata Kiswahili chenyewe kina mitego yake. Lugha sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliofikiwa Mombasa mwaka 1928, na mtoto wa Kipemba anayetamka "nti" kwa maana ya mti hukuta sentensi yake ya kwanza imepigwa mstari mwekundu. Si ajabu akajifunza mapema kwamba kuandika ni kazi ya watu wengine.

Juhudi hazikukosekana. Mpango wa Madrasa wa shule za awali, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, ulionyesha kuwa mwalimu wa kijijini anaweza kufundisha kwa hadithi, nyimbo na zana zilizotengenezwa kwa vitu vya hapo hapo. Mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani kuanzia mwaka 2016, uliihusisha Zanzibar pamoja na mikoa minne ya Bara. Shirika la Uingereza la Book Aid International nalo limekuwa likipeleka vitabu, vingi vikiwa vya Kiingereza. Lakini miradi ina tarehe ya mwisho, na hisani ya mgeni huja na lugha ya mgeni.

Njia ya kujitegemea zaidi ilibuniwa Dar es Salaam. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, uliwanoa waandishi na wachoraji, kisha ukanunua sehemu kubwa ya nakala kutoka kwa mchapishaji na kuzigawa shuleni. Mchapishaji hakuogopa hasara, na mtoto akapata hadithi kwa Kiswahili. (Tuzo ya Burt ya vitabu vya vijana, iliyoratibiwa na mradi huo huo, ilishindanisha miswada ya Kiingereza, mfadhili ndiye mwenye neno.) Kwa Pemba kuna kizingiti kingine: elimu ya msingi si suala la Muungano. Wizara ni nyingine, na mitaala ni mingine. Kitabu kinachonunuliwa kwa ajili ya shule za Bara hakivuki bahari kwa sababu tu kimeandikwa kwa Kiswahili.

Hata hivyo, vitabu vya kwanza vya mtoto si lazima vitoke kiwandani. Mwaka 1963, mwalimu wa New Zealand, Sylvia Ashton-Warner, alieleza kitabuni jinsi alivyowafundisha kusoma watoto wa Kimaori waliokuwa hawashikamani na vitabu vilivyotoka Uingereza. Alimwuliza kila mtoto neno alilolitaka, akamwandikia kwenye kadi, kisha akatengeneza vitabu vya darasa kutokana na maneno hayo. Mtoto akasoma alichokisema mwenyewe.

Hakuna kinachozuia jambo hilo kufanyika Micheweni au Mkoani. Mtoto asimulie mchezo wa ng'ombe, au karafuu zilizonyeshewa zikiwa zimeanikwa juani, mwalimu aandike, wenzake wachore, karatasi zishonwe kwa uzi. Gharama yake ni ndogo. Kinachohitajika zaidi ni muda, na mwalimu mwenye darasa lililofurika, anayepimwa kwa matokeo ya mitihani, ana sababu ya kusita. Wapo pia watakaouliza ni Kiswahili kipi kiandikwe. Jibu la busara ni kuacha Kipemba katika vinywa vya wahusika na kusanifisha masimulizi baada ya hadithi kukamilika, si kabla.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, inawapa waandishi sababu ya kukaa chini na kuandika. Hiyo lakini ni ngazi ya juu. Maktaba ya umma ya Chake Chake ingeweza kutenga rafu moja tu kwa vitabu vilivyoshonwa na watoto wa wilaya nne za kisiwa, vikaazimwa kama vingine. Kwa sasa, insha ya mtoto husomwa na mtu mmoja, ambaye ni mwalimu wake. Mwaka ukiisha, daftari linachanwa na kufungiwa karanga.