Nahodha naye katumwa na Mungu

KUTOKA KILINDONI
Na Mwalimu Zakayo

Wiki hii, kwenye gati la Kilindoni hapa Mafia, nimemsikia mwanamume Mkristo akimwambia nahodha kwamba ana roho ya woga. Nimeshikwa na hasira tangu asubuhi ile na bado haijanitoka.

Kusi ilikuwa imevuma usiku kucha. Kulipopambazuka tulikuwa abiria wengi wa kwenda Nyamisati, kila mtu na mzigo wake: nazi, samaki wa kukaushwa, madumu, mgonjwa mmoja aliyeshikwa na nduguze. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa ile tahadhari tunayoizoea miezi hii, upepo mkali na mawimbi makubwa ukanda wote wa pwani. Nahodha akaja, akasimama ukingoni akitazama nje, akapiga simu ng'ambo, akarudi. "Leo hatutoki. Tuangalie kesho." Watu wakaguna kidogo, wakaanza kutafuta kivuli. Anayeishi Mafia anajua kwamba kungoja ni sehemu ya nauli.

Ndipo akasimama kijana huyu, shati jeupe, Biblia mkononi, mkewe nyuma yake na mtoto mgongoni. Akasema ameitwa kwenye usaili wa kazi Dodoma. Ameufungia siku kadhaa, ameonyeshwa kwamba mlango uko wazi, na upepo huu ni adui anayetaka kumzuia asiingie. Akaukemea kwa sauti, mkono umeelekea baharini. Nahodha, mtu mzima wa kisiwa cha Jibondo, alimsikiliza mpaka mwisho. "Mtumishi, dua yako naiitikia amina. Lakini chombo hakitoki." Hapo ndipo alipoambiwa ana roho ya woga. Mtu aliyezaliwa kisiwa cha mafundi wa majahazi, aliyevuka mlango huu wa bahari tangu utotoni, anaambiwa habari za woga na mtu aliyekuja kisiwani kwa boti hiyo hiyo!

Kama ingeishia hapo nisingeandika. Kijana akashuka ufukweni, akarudi na mwenye boti ndogo ya faiba aliyekubali kuwavusha kwa pesa. Jaketi za kuokolea maisha hazikuwamo. Mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Baba, tusubiri. Mtoto mdogo huyu." Akamjibu mbele yetu sote: "Usiniangushe imani."

Neno hilo ndilo lililonichoma. Akina mama waliokuwa wamekaa juu ya magunia hawakubishana naye. Mmoja aliinuka, akamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, akarudi naye kukaa, akasema mtoto hapandi. Mwenye boti alipoona wazee nao wanasogea, akajiondokea. Kijana alibaki pale gatini akitutazama kama watu tuliomwibia.

Sina neno na mtu kuomba gatini. Mimi mwenyewe huomba pale, tena kwa kumaanisha. Wala uchungu wa kijana siudharau. Ni mwalimu aliyemaliza chuo akakaa nyumbani miaka bila ajira, anafundisha tuisheni, anakopa nauli. Kuitwa kwenye usaili kwa mtu kama huyo ni jambo kubwa. Lakini wengi tuliokuwa gatini tulikuwa na jambo kubwa. Mgonjwa yule alikuwa anakwenda hospitali.

Mimi mwenyewe nililetwa Mafia na barua ya uhamisho. Ninachotaka kusema ni kwamba nilifika kisiwa hiki bila kujua Mungu ananipeleka wapi, na sikuonyeshwa kitu. Hakuna ndoto, hakuna sauti. Nilikuwa na barua ya serikali, mke mwenye busara na ahadi kwamba Bwana hatatuacha. Ibrahimu alitoka kwao akiwa na pungufu ya hapo, maana hata jina la mahali hakupewa. Huko ndiko kutumaini. Aliyekwisha kuona mwisho wa safari hana cha kumtumainia Mungu, na vijana wetu wamefundishwa kudai kuuona mwisho kabla hawajang'oa nanga.

Wamefundishwa na nani? Na sisi, makanisani. Kila Januari tunawapa tamko la mwaka, kila mkesha tunawafungulia milango, na mwanamume asiyejua kesho yake tunamfanya ajione mdogo wa imani. Taifa hili limewahi kuona matunda yake. Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya maelfu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, wengine wakiwa wametolewa wodini, na wapo waliofia kwenye foleni. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Wote walikuwa wanamtafuta Mungu. Waliowaharakisha ndio ninaowalaumu.

Majirani zetu Waislamu, ambao kisiwani hapa ni wengi kuliko sisi, husema inshallah na kusoma Fatiha kabla ya safari. Fatiha ikiisha, jicho la nahodha linarudi kwenye wingu. Sijamsikia hata mmoja akiona kwamba jicho lile linamkosea Mungu. Mei 4, 2024, kimbunga Hidaya kilipotua Mafia, tahadhari ilikuwa imetangazwa siku kadhaa kabla, na hata boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Sisi wa kanisani na wao wa msikitini tuliomba, na wavuvi wakavuta vyombo vyao juu. Kwangu mimi tahadhari ile ilikuwa jibu la maombi lililotangulia maombi yenyewe.

Kijana yule alimtaja Paulo. Paulo, alisema, alipanda merikebu katika dhoruba. Jamani! Someni Matendo ya Mitume sura ya 27 yote. Majira mazuri ya safari yalikuwa yamepita, merikebu iko Bandari Nzuri kule Krete, na aliyesema tusiondoke ni Paulo. Waliotaka kuondoka ni nahodha na mwenye merikebu, na akida Yulio akawasikiliza wao. Halafu, hata baada ya malaika kuahidi kwamba hatapotea mtu, hakuna aliyekunja mikono. Walipima kina, wakatupa nanga nne tezini, na mabaharia walipotaka kutoroka na mashua Paulo aliwaambia askari kwamba bila hao hawataokoka. Akawahimiza watu wale chakula. Ahadi ya Mungu ilikuwako, na mabaharia walihitajiwa. Watu 276 walifika nchi kavu Malta, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Hata Bwana wetu, alipopandishwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajirushe kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa. Mwenye kushauri kuruka alikuwa Shetani, tena akiwa na andiko mdomoni.

Baba mwenzangu, wewe ni kichwa cha nyumba. Mkeo akikwambia tusubiri, usimhesabu kuwa kizuizi cha imani yako. Mungu amempa macho naye. Usaili ukikupita, lia, omba, kisha andika barua nyingine. Mtoto asiyejua hata kutambaa usimfanye kipimo cha imani yako juu ya maji.

Nanyi wachungaji wa Kilindoni, Jumapili hii mkihubiri safari ya Paulo, msianzie kwa malaika wa mstari wa 23. Anzieni mstari wa 9.