Ngome Haina Kosa

Wako watu wasemao, "Jengo la mdhalimu na libomolewe, lisibaki jiwe juu ya jiwe." Neno hilo hutamkwa kwa ushujaa, na wengi hulipigia makofi. Mimi nalikataa, na shahidi wangu ni ngome moja ya Uswisi ambayo leo haipo.

Ngome hiyo, Alt-Rapperswil, ilisimama juu ya kilima kando ya Ziwa Zürich, mahali paitwapo Altendorf. Mwaka 1350 ilikuwa mali ya kabaila Johann wa Pili, wa ukoo wa Habsburg-Laufenburg. Usiku wa tarehe 23 Februari mwaka huo, kabaila huyo alishirikiana na watu waliofukuzwa Zürich, wapate kumpindua mkuu wa mji, Rudolf Brun. Njama ikafichuka, naye Johann akatiwa kifungoni. Hapo Brun alikuwa na haki ya kujilinda, wala sibishi.

Lakini Brun hakutosheka na mwenye kosa. Aliibomoa Alt-Rapperswil, na kabla mwaka haujaisha akauteketeza mji wa Rapperswil pamoja na ngome yake, ng'ambo ya ziwa. Je, fundi, mvuvi na mama mwenye mtoto mchanga walikula njama gani, hata wakose makao wakati wa baridi kali?

Watetezi wake watasema kwamba alitafuta usalama. Haya, na tuupime usalama huo. Mwaka 1351 Albrecht wa Pili wa Austria, mkubwa wa ukoo wa Habsburg, aliuzingira mji wa Zürich kwa majeshi. Kufikia mwaka 1354 Rapperswil ilikuwa mali yake, na ngome ya hapo ikajengwa upya. Basi Brun alimwondoa jirani dhaifu, akamkaribisha jirani mwenye nguvu. Hasira, hasara!

Alt-Rapperswil haikuinuka tena. Kilimani pamesimama kanisa dogo la Mtakatifu Yohana, na atakaye kuijua ngome hana budi kuitafuta ardhini. Aliyepunjwa si kabaila wala Brun, bali mjukuu, aliyenyimwa ushahidi wa dhuluma ya mababu na wa ustadi wao pia.

Kwa hiyo, enyi vijana, mdhalimu na ahukumiwe, lakini kuta zake ziachwe zitoe ushahidi. Hakuna apendaye ushahidi huo ufutwe kuliko mdhalimu mwenyewe. Tusimfanyie kazi hiyo bure.