Sana Ngapi Hufanya Tufani?

JICHO LA KUSINI
Na Bakari Mwachili

Tembea ufuoni Diani, kuanzia msikiti wa Kongo hadi Galu, usikilize "very" inavyofanya kazi. Kikoi ni "very nice", kinyago ni "very original", safari ya kwenda kuona pomboo Kisite ni "very very cheap". Mtalii naye keshazoea. Akiambiwa "very" moja tu huhisi kuna kitu anafichwa. Kiswahili chetu cha mtaani hakiko nyuma. Sana ilipochoka tuliirefusha ikawa sanaaa, tukaitilia mno, kabisa na hatari, na leo kijana wa Ukunda akitaka kumsifu mchezaji hodari husema anacheza vibaya. Sina ugomvi na hayo. Biashara ni maneno, na soga za mpira bila chumvi hazinogi.

Ugomvi wangu unaanza pale lugha ya kuuzia vikoi inapoingia kwenye tahadhari ya bahari.

Tuwe waadilifu kwanza. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya haitangazi kwa kubahatisha. Tahadhari zake hutaja vipimo: mvua inayozidi milimita 20 kwa saa 24, upepo wa kusi unaozidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa, na mawimbi ya zaidi ya mita mbili. Shida iko njiani. Tangazo hutoka Nairobi kwa Kiingereza. Likifika Kwale, mmoja hulifupisha apate kulirusha kwenye WhatsApp, mwingine hulisoma redioni mbio mbio kati ya nyimbo mbili, na mzee wa kijiji hulitaja mwisho wa baraza, watu wakishaanza kusimama. Kila mkono linapopita, tarakimu moja hudondoka na sana moja huongezwa. Hata tarakimu ikiokoka, mvuvi ukimwambia noti 25, noti anazozijua yeye ni za benki.

Msimu wa kusi uliopita nilikuwa Gazi, pale zinapoegeshwa ngalawa. Kijana wa kamati ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, alikuwa akimsomea nahodha mmoja mzee ujumbe ulioingia kwenye simu.

"Babu, wanasema kutakuwa na upepo mkali sana."

"Sana ya ndani ya mwamba, au ya nje?"

Kijana akaupandisha ujumbe kwa kidole, akaushusha. "Haikuandikwa, babu."

"Haya. Ni upepo wa kupunguza tanga, au wa kulala nyumbani?"

"Imeandikwa sana tu."

Mzee akatupa jicho kule mlangoni, mwamba unapoachana, akaangalia povu. Kisha akarudia kushona jarife lake. "Basi huyo aliyeandika, mwambie aje avue yeye."

Tulicheka, lakini maswali yake mawili yana uzito kuliko ujumbe wote ule. Mvuvi hana haja na ukali wa upepo kwa jumla. Anataka kujua utamfanya nini yeye na chombo chake. Upepo ambao ngalawa inauhimili vizuri ndani ya mwamba, nje ya mlango unaweza kuipindua. Tahadhari isiyotenganisha mawili hayo humwachia mtu kuamua kwa njaa, na njaa siku zote huamua kwenda.

Ajabu ni kwamba lugha tuliyo nayo ina ngazi ya haya mambo tangu zamani. Bahari huwa shwari. Ikianza kuleta fujo, imechafuka. Ikizidi, imechacha. Juu ya hapo kuna dhoruba, na juu ya dhoruba kuna tufani. Mvua huanza manyunyu, huwa rasharasha, huwa mvua yenyewe, hadi kufikia gharika. Upepo hushtadi, vita hupamba moto, maradhi hushamiri. Hata vile vijineno vya kukazia tunavyovibandika mwishoni vina wenyewe: giza totoro, usingizi fofofo, kimya jii, weupe pe. Huwezi kulala totoro wala kukaa gizani fofofo. Ukali, kwa Kiswahili, huenda pamoja na kitu chake. Sana ndiyo hufuata kila kitu, na kwa sababu hiyo haikuelezi chochote kuhusu kitu kimojawapo.

Waingereza wenyewe, pamoja na "very" yao, walilikuta tatizo hili baharini. Mwanzoni mwa karne ya 19 ofisa wa jeshi lao la majini, Francis Beaufort, aliupanga upepo kwa daraja, kuanzia 0 hadi 12. Hakutumia kipima upepo. Alieleza manowari ya matanga ingeweza kubeba tanga kiasi gani katika kila daraja, na daraja la 12 likawa upepo ambao hakuna tanga lingeuhimili. Mwaka 1838 utaratibu huo ukawa rasmi kwa kuandikia kumbukumbu za safari za manowari. Noti 25 za Idara yetu zinaangukia daraja la sita: nchi kavu matawi makubwa ya miti yanayumba na mwavuli haushikiki kwa urahisi, baharini mawimbi makubwa yanaanza kujengeka na povu jeupe limetanda. Nahodha wa Gazi alipouliza habari ya kupunguza tanga, aliuliza lile lile aliloliuliza Beaufort.

Hasara ya maneno yasiyo na kipimo tumeshaila. Tangu mvua za 1997 na 1998, El Niño kwa Mkenya si tena habari ya joto la maji ya Pasifiki. Imekuwa ndiyo sana kubwa kuliko zote. Kwa hiyo mwaka 2023, baada ya Idara kutabiri El Niño, na Rais William Ruto kusema mwezi wa Oktoba kwamba mvua zitakuwa nyingi lakini hazitafikia kiwango hicho, tuligeuka wa kubishania jina: ipo, haipo. Ni wachache waliouliza maji yatafika wapi. Novemba mvua ilimwagika, na kufikia Desemba zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa nchini. Mkazi wa Vanga hana shida na jina la mvua. Analotaka kuambiwa ni kama mto Umba utabaki kwenye kingo zake au utamfuata hadi kitandani.

Mei 2024 mambo yakawa kinyume. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea, maneno yote ya juu yalitolewa kwa mpigo mmoja. Kutahadharisha kulikuwa sawa, kimbunga hakichezewi. Lakini kilitua Mafia, Tanzania, tarehe 4, kikafifia, na pwani yetu ya kusini haikupata kishindo kilichohofiwa. Nina swali moja tu: ukishalitumia neno la mwisho, siku ya tufani lenyewe utasema nini? Utaongeza sana nyingine?

Najua nitaambiwa nawatukuza wazee dhidi ya sayansi. La hasha. Jicho la nahodha huishia pale bahari inapokutana na mbingu, na setilaiti huona kimbunga kikiwa bado mbali mamia ya kilomita. Pia si kila anayevua leo amelelewa kwenye ngalawa. Wengine wameingia baharini ukubwani, baada ya kazi za hotelini kukatika. Huyo hawezi kusoma povu la mlangoni. Tarakimu inahitajika, na macho yanahitajika. Ninachokataa ni kuvipoteza vyote viwili njiani, tukabaki na kelele.

Vyombo vya kulirekebisha tatizo hili tunavyo. Kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Kabla ya msimu wa mvua huitishwa kikao cha kuufafanua utabiri pamoja na wakulima, wafugaji na maofisa. Kwale tuliwekewa hata redio ya RANET, kwa kazi hii hii ya kuwafikishia wananchi habari za hali ya hewa. Basi kikao kijacho kiwaite BMU za Vanga, Shimoni, Msambweni na Gazi, na akina mama wanaolima mwani Kibuyuni, ambao wanajua ni mawimbi ya namna gani hung'oa kamba zao. Wakubaliane madaraja manne tu ya bahari. Kila daraja libebe mambo matatu: tarakimu, kinachoonekana, na cha kufanya.

Mfano wangu ni huu: "Bahari itachafuka. Upepo noti 25. Matawi makubwa ya miembe yatayumba, povu litatanda nje ya mwamba. Ngalawa na mitumbwi zisivuke mlango. Walio ndani wapunguze tanga." Ni ujumbe mfupi wa simu. Mtangazaji anausoma kwa pumzi mbili, mzee wa kijiji anaukariri bila karatasi, na hakuna mahali pa kupachika sana. Wavuvi wakiona maneno yangu hayafai, wayafute waweke yao. Wao ndio wenye bahari.

Kazi yenyewe ifanywe wakati wa kaskazi, madaraja yabandikwe kwenye kila bandari ya wavuvi kabla ya Aprili kuingia na kusi yake. Na iwepo kanuni moja kwa redio, kwa chifu na kwa kila msimamizi wa kundi la WhatsApp: asiyelijua daraja, asitangaze upepo.