Diwani Wetu Hana Greda

Makamanda, ukitaka kuijua Kiwira usiishie barabarani. Pale ndipo wanapoishia wageni wote, na sisi tukija na vipaza sauti tunaishia palepale. Basi la Kyela linasimama, unanunua ndizi dirishani, unaona lami inang'aa, unaondoka ukisema Rungwe mambo safi. Lami hiyo inatoka Uyole kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi. Haikujengwa kwa ajili ya shangazi yangu.

Shangazi anaishi juu, upande wa kuelekea Kinyala. Ana ng'ombe wawili wa maziwa na migomba yake. Pasaka iliyopita nilikuwa kwake. Mvua za huku ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa nne ndio hatari. Asubuhi moja yule kijana wa bodaboda anayechukua madumu ya maziwa alifika kwa miguu. Pikipiki kaiacha imezama kwenye tope. Basi maziwa hayakushuka. Tukayagandisha, tukanywa, tukagawia majirani. Watu wakacheka sana siku ile, ila ile ndiyo ilikuwa hela ya sare za shule za binti yake.

Maziwa yanagandishwa. Mama mwenye uchungu je? Kule juu mjamzito akikaribia siku zake anateremshwa mapema akae kwa ndugu karibu na lami. Asiye na ndugu anaomba tu usiku huo mvua isinyeshe.

Na ndizi zetu, eti zinasifiwa mpaka Dar. Mkungu ukiwa shambani bei anapanga mwenye fuso. Mkungu uleule ukifika lami na wewe unapata mdomo. Ndizi ni ileile.

Nikamfuata diwani mmoja wa huku, kwa heshima zote. Akanijibu, "Mwanangu, mimi sina greda." Nilikasirika. Halafu nikarudi chuo, nikafungua sheria, nikakuta mzee hakunidanganya.

Zamani barabara za vijijini zilikuwa chini ya halmashauri. Mwaka 2017 zikahamishiwa TARURA, wakala ulioanzishwa chini ya Sheria ya Wakala wa Serikali. Meneja wa wakala anawajibika kwa wakubwa wake huko juu. Baraza la madiwani linaweza kumuuliza na kulalamika, ila si mwajiri wake. Sasa soma Katiba, ibara ya 146: serikali za mitaa zipo ili madaraka yaende kwa wananchi. Madaraka yapi, kama hata kifusi cha barabara ya kijiji hakimo?

Najua mtakachosema: halmashauri nazo zilikuwa zinakula hela za barabara. Kweli kabisa. Lakini diwani anayekula unamtoa kwa kura. Meneja unamtoa kwa kura gani?

Tena hela tunatoa. Tangu Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizi hizi za TARURA. Yule kijana wa bodaboda anailipa kila akijaza tenki. Analipia tope.

Kwa hiyo mimi nataka chama changu kisije Kiwira kuahidi lami. Lami kila mtu anaahidi. Ilani yetu iseme barabara za vijiji zinarudi halmashauri, na fungu lake linarudi nazo. Hela ikibaki kule juu, tutakuwa tumempa diwani lawama tu.

Na tusisubiri ilani. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Ukiwa mkazi mwenye miaka 18 wewe ni mjumbe, na kadi ya chama haiulizwi. Wangapi kati yetu tulikwenda wa mwisho? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo inaipa ofisi ya umma siku zisizozidi 30 kukujibu. Uliza kwa maandishi: barabara yetu imetengewa shilingi ngapi mwaka huu, mkandarasi ni nani, anaanza lini?

Ya kijiji chetu nimeshaiandika. Shangazi kasaini wa kwanza. Kijana wa bodaboda kasema ataipeleka Jumatatu, njia ikikauka.